Safari ya Pwani Huanzia Ghalani

Mtu wa Tongaren akiamua kwenda kuona bahari, haulizi kwanza bei ya chumba wala hali ya barabara. Anauliza mahindi yamekauka vipi. Eneo hili la Kaunti ya Bungoma, ambalo wakulima wengi walipata mashamba chini ya mpango wa makazi baada ya uhuru, huishi kwa kalenda ya mahindi: kupanda Machi na Aprili, kupalilia mvua ikikolea, kuvuna kuanzia Oktoba. Pesa za safari ziko shambani, na hazitoki huko mpaka punje ifikie unyevu usiozidi asilimia 13.5, kiwango kinachotakiwa na Bodi ya Nafaka na Mazao. Gunia likirudishwa kwa kuwa bichi, safari nayo huanikwa juani pamoja na mahindi.

Ukoo mmoja wa huko, wenye matawi Ndalu, Naitiri na Brigadia, uliunda kamati ya kupanga wiki nzima ya kuzunguka Pwani: Mombasa, Mtwapa, Kilifi, Watamu, Gedi na Malindi, kisha nyumbani. Kamati ilikuwa na mwenyekiti asiyekosa neno la kufungulia kikao, mweka hazina mwenye kibanda cha nafaka sokoni, mwalimu mstaafu wa jiografia, dereva, na kukhu, nyanya wa wote, ambaye hakuchaguliwa na mtu lakini hakuna azimio lililopita kabla hajakohoa.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta wiki. Januari iliondolewa papo hapo kwa sababu ya karo. Aprili ni mvua na jembe. Agosti shule zimefungwa na Pwani kumepoa kidogo, ila Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili ni ya tohara ya Wabukusu, na hakuna khocha anayethubutu kuonekana akiogelea Watamu huku mpwa wake akipakwa matope mtoni. Ng'ombe wa kuchinjwa anatoka kwake yeye mjomba. Agosti ya miaka mingine haina sherehe, ila haina pesa pia, maana mahindi bado yako shambani. Mwisho wa Desemba watu wa Nairobi na Mombasa hurudi nyumbani kula Krismasi, na ni aibu mwenyeji kupishana na wageni wake langoni akielekea kule walikotoka. Ikabaki wiki ya pili ya Desemba: mahindi yameuzwa, watoto wako nyumbani, upepo wa kaskazi umeanza na bahari imetulia. Wiki moja kati ya 52. Mwenyekiti aliutangaza huo kuwa ushindi.

Mwalimu alipendekeza treni. Alikumbusha kikao kwamba reli ilifika Kitale, mji wa jirani yao, mwaka 1926, jambo ambalo halikumsaidia mtu, kisha akasema kuwa wanaweza kwenda kwa barabara hadi Nairobi na hapo wapande Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria hadi Mombasa Juni 2017 na ambayo humaliza safari kwa saa tano au sita. Hoja hiyo ilianguka kwa swali moja. Kukhu alikuwa amesikia kwamba pale stesheni ya Nairobi mizigo hupangwa mstari, kisha mbwa wa polisi wakapitishwa kuinusa. Akauliza kuku wake wangesimama wapi kwenye huo mstari.

Basi ikakodishwa matatu ya viti 14.

Viti 14 ni vingi hadi pale ukoo unapoanza kuhesabiana. Tangu kanuni za waziri John Michuki zianze kazi mwaka 2004, kila abiria anatakiwa awe na kiti chake na mkanda wake. Ukoo nao unataka kila tawi liwakilishwe. Majina yalisomwa, yakakatwa, yakarudishwa kwa shinikizo, na mwishowe mwenyekiti akaamua kuwa mtoto anayepakatwa si jina. Dereva, ambaye ndiye angezungumza na trafiki huko Salgaa, alikataa uamuzi huo kwa heshima zote, akaondoa funguo mezani, akatulia. Majina yakakatwa tena.

Ndipo Mwalimu alipochukua chaki. Kutoka Kitale hadi Mombasa, kupitia Eldoret, Nakuru na Nairobi, ni karibu kilomita 870. Matatu hairuhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Gawanya: saa 11 kasoro dakika chache. Wakitoka saa tisa usiku, watakuwa Mombasa alasiri, miguu majini kabla ya jua kuzama. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi kabisa, na ndiyo iliyovuruga kila kitu.

Barabara hiyo ina jamaa kila mji. Soy kuna senge, yaani shangazi, aliyeolewa huko. Nakuru kuna binamu anayeuza vipuri. Kangemi, Nairobi, kuna nusu ya ukoo. Changamwe kuna mpwa anayefanya kazi karibu na bandari. Kupita mlango wa senge bila kuzima injini ni kosa litakaloletwa hadharani miaka ijayo, tena kwenye mazishi, mbele ya kipaza sauti. Na kila jamaa ana haki zake: aletewe kitu, naye atoe kitu, na aandae chai, ambayo kwa desturi za magharibi haiwezi kuwa chai tupu. Ratiba ya Mwalimu haikuwa na chai hata moja.

Mwalimu alijitetea kwa kusema kwamba safari yenyewe inapingana na maumbile. Mvua inayonyesha Tongaren huingia Mto Nzoia, ikapita Budalangi, ikamwagika Ziwa Victoria, ikashika Nile na kutokea Bahari ya Mediterania. Mtu wa Tongaren anayekwenda Bahari ya Hindi, alisema, anakwenda kinyume na maji yake mwenyewe. Kukhu akasema sasa ameelewa kwa nini petroli ni ghali.

Usiku wa kuondoka, saa tisa ilifika na kupita. Mizigo ndiyo iliyokuwa inaamua. Kulikuwa na gunia la mahindi la mpwa wa Changamwe, viazi vitamu vya Kangemi, gorogoro kadhaa za maharagwe, mkungu wa ndizi wa senge, ingawa senge ana migomba yake, galoni la maziwa ya mala, na kuku wanne waliofungwa miguu chini ya kiti cha nyuma. Mweka hazina alitaka kujua kwa nini watu wanaokwenda kustarehe wanabeba shehena ya lori. Hakujibiwa. Gari liliondoka kukiwa kweupe, baada ya maombi yaliyotaja kila mji mpaka Malindi.

Kwa senge waliondoka saa tano asubuhi, wameshiba, wakiwa na mkungu mwingine wa ndizi.

Kupanda Timboroa ni somo, na Mwalimu hakulipoteza. Barabara hapo iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na baridi inauma hata mchana. Pakiti za krispi za watoto zilivimba zikawa ngumu. Mwalimu alimaliza maji kwenye chupa yake ya plastiki, akafunga kizibo kwa nguvu, akatangaza kwamba chupa hiyo itaanza kubonyea wakishuka, kwa kuwa kadiri unavyokaribia bahari ndivyo hewa inavyozidi kuwa nzito. Aliiweka sakafuni, kando ya galoni la mala, ili kila mtu ashuhudie.

Siku ya kwanza iliishia Kangemi na si Mombasa. Ya pili ilianza vizuri. Mwenyekiti aliidhinisha walipie Barabara ya Expressway, ile ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, na kilomita 27 kutoka Westlands hadi Mlolongo zikapita kama ndoto. Kisha gari likashuka kwenye barabara kuu ya Mombasa na kukaa nyuma ya trela moja hadi Sultan Hamud. Mweka hazina aliandika gharama ya ndoto hiyo kwenye daftari na kuipigia mstari mara mbili.

Makindu waliokolewa na Masingasinga. Hekalu la hapo, lililojengwa mwaka 1926, hupokea wasafiri wa dini zote na kuwalisha bila malipo, mradi mtu avue viatu, afunike kichwa na asiingie na nyama, pombe wala sigara. Wanaume wawili wa ukoo, walioshikilia tangu Eldoret kuwa mlo usio na nyama ni vitafunio, walikula chapati na dengu, wakarudi kuongezwa, wakarudi tena. Kuku walibaki garini. Kukhu alisema hao ndio pekee waliofurahia sheria za mahali pale.

Kufikia Mtito Andei, nusu ya njia kati ya Nairobi na Mombasa, chupa ya Mwalimu ilikuwa imetii sayansi: imeingia mbavu, imekonda. Mwalimu aliinyanyua gari zima likaiona. Tatizo lilikuwa galoni. Lilikaa safari nzima kando ya chupa hiyohiyo, likashuka mlima uleule, na lenyewe likavimba. Mala ilikuwa haijamaliza kuchachuka. Joto la Tsavo liliiamsha na ikawa inatoa gesi kwa bidii. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini hewa nzito inabana chupa na kuogopa galoni. Swali zuri, alisema Mwalimu, akainama kulegeza kifuniko ili aeleze tofauti hiyo kwa vitendo.

Somo hilo lilifika darini. Lilifika pia kwenye kofia ya dereva, kwenye kioo cha nyuma, na kwenye ukurasa wa michango katika daftari la mweka hazina, ambapo majina ya waliokuwa hawajamaliza kulipa yalifutika yote. Kuna watu hadi leo wanaamini halikuwa jambo la bahati mbaya.

Nyumba ya kukodi huko Mtwapa ilikuwa imepatikana kwa simu. Mwenye nyumba alituma picha ya bahari, na hakusema uongo: bahari ilionekana, ukipanda juu ya tangi la maji. Tangi lenyewe lilikuwa kavu. Maji yaliletwa asubuhi kwa mkokoteni, madumu yamepangwa, na bei ilipanda kidogo kila mchuuzi alipowasikia wageni wakisalimiana kwa Kibukusu.

Alfajiri ya kwanza kukhu aliamka kupika maharagwe. Anajua maharagwe yake. Huyaweka jikoni kabla ya jogoo kuwika, huyatilia musherekha, yale maji ya majivu yaliyochujwa, kisha huyaacha yachemke hadi watu wamalize kazi za asubuhi. Alifanya vivyo hivyo Mtwapa. Alipofunua sufuria hapakuwa na maharagwe. Palikuwa na uji mwekundu, na maganda yakielea juu. Aliukoroga, akauonja, akatazama jiko kwa dharau, kisha akamtazama Mwalimu. Naye Mwalimu alikuwa na jibu: kwenye miinuko ya Kitale maji huchemka yakiwa hayajafika hata nyuzijoto 95, lakini usawa wa bahari huchemka zikifika 100, kwa hiyo maharagwe huiva upesi zaidi. Kukhu akamuuliza kama alikuwa anajua hivyo jana usiku. Alikuwa anajua. Wakala mbaazi na mahamri kwa jirani, na hakuna aliyejuta ila mweka hazina.

Ratiba ilisema: Jumatano, saa tano asubuhi, kuogelea, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi. Saa tano kasoro robo gari lilisimama, watoto wakashuka na maboya mikononi, wakakimbia, wakapunguza mwendo, wakasimama. Maji hayakuwapo. Kulikuwa na mchanga, vidimbwi, majani ya bahari, mashua zimelala ubavu, na mbali sana, kwenye mwamba, mstari mweupe wa mawimbi.

Kukhu alisimama akiwa ameshika leso yake, akaitazama ile nafasi kama mtu aliyekuta ng'ombe hawapo zizini. Kwao mtu akiona mfereji umekauka, anajua jirani wa juu ameuziba. Akamgeukia kijana mmoja aliyekuwa akikodisha maboya.

"Nani amefungulia maji upande ule?"

"Hakuna, bibi. Yamekupwa. Yatajaa jioni."

"Jioni saa ngapi?"

"Leo saa kumi na moja hivi. Kesho yatachelewa kidogo."

Hapo ndipo Mwalimu alipokaa kwenye mchanga na kufungua ratiba upya. Bahari ya Pwani hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50 kwa kuwa inaufuata mwezi. Kuandika "kila siku saa tano asubuhi" ni sawa na kutoandika chochote. Isitoshe wiki hiyo mwezi ulikuwa mchanga, ndiyo bamvua, wakati maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Ndiyo maana yalikuwa yamekwenda mbali kiasi kile. Wavuvi wote wa Bamburi walilijua hilo bila chaki. Kamati ilikuwa imeuliza bei ya petroli, ya chumba na ya samaki; haikumuuliza mtu yeyote habari za mwezi.

Ratiba mpya iliandikwa jioni hiyohiyo, na safari hii kijana wa maboya alialikwa kwenye kikao na kupewa ndizi za senge.

Kilifi walivuka daraja lililofunguliwa mwaka 1991, pale ambapo zamani magari yalisubiri feri. Mwenyekiti aliomba gari lisimame ili atoe neno, dereva akakataa kusimama darajani, neno likatolewa gari likitembea. Watamu walifika maji yakiwa mazuri. Langoni mwa hifadhi ya bahari, iliyoanzishwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi, mlinzi aliwakumbusha kwa upole kwamba tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumia mara moja na kutupa haziruhusiwi kwenye hifadhi, misitu na fuo. Akaiona chupa ya Mwalimu. Mwalimu alieleza kuwa hiyo si chupa bali ni ushahidi. Ushahidi ukabaki langoni.

Watu waliogelea hata hivyo, ikiwa kusimama maji yakifika magotini na kupiga kelele ni kuogelea. Mweka hazina, aliyekuwa amesema tangu mwanzo kwamba yeye amekuja kulinda hesabu tu, ndiye aliyetoka mwisho.

Gedi ilikuwa siku ya historia. Mji huo wa mawe ya matumbawe, ndani ya msitu karibu na Watamu, ulistawi karne nyingi zilizopita na kuhamwa karibu na karne ya 17. James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuweka katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kiongozi wa wageni aliwaonyesha msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima na vyoo vya majumba ya matajiri. Vyoo ndivyo vilivyowagusa. Mweka hazina aliuliza mara mbili kama ni kweli watu hao walikuwa na vyoo na mabafu ndani ya nyumba miaka 600 iliyopita, akapiga picha, akasema ataituma kwa mwenye nyumba wa Mtwapa. Kiongozi alipoendelea kwamba miongoni mwa sababu zinazotajwa za watu kuuhama mji ni maji kupungua visimani, ukoo mzima uliitikia kwa kichwa kwa huruma ya dhati. Wakati huo kima walikuwa wameshaingia garini kupitia dirishani na kumaliza mkungu wa pili wa senge.

Shida ya kurudi haikuwamo kwenye ajenda yoyote. Gari la viti 14 linaloelekea Kitale katikati ya Desemba haliwezi kufichwa. Mabasi ya magharibi yamejaa, nauli zimepanda, na simu ya mpwa wa Changamwe ilikuwa inalia tangu Jumatano. Hakuna aliyeomba kiti. Watu wa ukoo huu wana haya. Waliomba tu wabebewe kitu kidogo. Kitu kidogo cha kwanza kilikuwa godoro. Cha pili kilikuwa gunia la nazi. Kisha zikaja ndoo za achari, mabuyu ya watoto wa shule nzima, mkeka, na televisheni iliyofungwa kwa blanketi, ambayo ilikalia kiti na kufungwa mkanda, kwa kuwa dereva alisema asiyejua kupumua pia anafuata sheria za Michuki. Mwenye kiti hicho, kijana wa kidato cha tatu, alibaki Changamwe hadi Januari, na inasemekana hakulia.

Kinungi walikuta foleni ya Krismasi imeanza mapema: Nairobi yote ikirudi nyumbani kwa siku moja, mabasi, mapikipiki, magari madogo yenye makochi juu. Walisonga polepole hadi Gilgil, wakila mabuyu, huku kila gari lililowapita likisoma vumbi lao jekundu la Tongaren na kuwadhania ni watu wa Nairobi waliokosa adabu ya kuosha gari kabla ya kwenda kwa wazee.

Kikao cha hesabu kilikaa baada ya mwaka mpya. Mwenye matatu alidai pesa za kusafisha dari. Mweka hazina alitaka zitoke kwenye fungu la elimu, kwa kuwa mala ilimwagika wakati wa somo. Mwalimu akataka zitoke kwenye fungu la chakula. Mjadala huo ulichukua muda mrefu kuliko saa 11 za ubaoni. Mwishowe mwenyekiti, kwa kuogopa damu kumwagika, akahamisha mazungumzo kwenda safari ijayo, akataja Lamu.

Mwalimu alisimama bila kuombwa. Magari huishia Mokowe, alieleza. Kutoka hapo ni mashua, na ndani ya mji wa kale vichochoro ni vyembamba, mizigo hubebwa na punda. Kikao kikanyamaza kikipima uzito wa habari hizo. Kukhu akakohoa, akauliza punda mmoja wa Lamu hubeba kilo ngapi, maana gunia la Tongaren ni kilo 90 na yeye hana mpango wa kulipunguza. Swali likaandikwa kuwa ajenda ya kwanza, na mweka hazina akafungua ukurasa mpya na kuanza kuita majina ya wanaodaiwa, kwa kichwa.